Kikalmyk: Tuanze na Herufi au na Kinywa?

Wakalmyk ni watu wenye asili ya Kimongolia, Wabudha, waliofika na mifugo yao kwenye nyika za mto Volga mnamo miaka ya 1630. Leo wana jamhuri yao ndani ya Urusi, lakini UNESCO inaitaja lugha yao kuwa hatarini kutoweka. Wapo wanaosema dawa ni kurudisha maandishi ya kale, todo bichig.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Todo bichig, yaani "maandishi yaliyo wazi", yalibuniwa mwaka 1648 na mtawa Zaya Pandita. Husomwa kutoka juu kwenda chini, na baadhi ya ndugu zao Waoirat wa Xinjiang, China, wangali wanayatumia. Wakalmyk waliletewa herufi za Kirusi mwaka 1924, za Kilatini 1930, kisha za Kirusi tena 1938. Katika miaka 14 tu, nyumba moja iliweza kuwa na wasomaji wasioweza kusomeana barua. Tena tahajia ya sasa haiandiki irabu hafifu, zile zinazosikika kwa mbali tu. Jina lao wenyewe ni хальмг: l, m na g zimebanana mwishoni. Mtoto asiyeisikia lugha nyumbani atajuaje kulitamka?

Lakini swali hilohilo ndilo linalonifanya niwaunge mkono wanaopinga. Mtoto huyo kakosa msemaji kabla ya kukosa herufi. Mwishoni mwa Desemba 1943, serikali ya Stalin iliwashutumu Wakalmyk wote kwa usaliti, ilhali vijana wao walikuwa vitani ndani ya Jeshi Jekundu, jeshi la serikali hiyohiyo. Watu zaidi ya 90,000, vikongwe na wachanga, walisombwa kwa mabehewa ya mifugo hadi Siberia katikati ya baridi kali. Wengi hawakurudi. Ruhusa ya kurejea ilipotoka mwaka 1957, watoto waliokulia huko walikuwa wamesomeshwa Kirusi, na wengi wakalea wanao kwa Kirusi.

Sheria ya Urusi ya mwaka 2018 imeongeza pigo: somo la lugha ya mama sasa ni la hiari.

Todo bichig yafundishwe, ila kwa wakubwa. Fedha na walimu waanzie chekechea, maana wanaoimudu lugha vizuri wengi ni wazee. Bibi amsalimie mjukuu "mend", kisha angoje mpaka ajibiwe "mendvt".