Skrini za kufundisha watoto maji, nyumbani zije na somo lingine

Ndugu zangu mimi naishi Las Vegas, na huku watoto wakipelekwa na shule kwenye vituo vya mazingira wanakuta skrini kubwa za kutachi zimewekwa chini chini kwa kimo chao, mtoto anagusa bomba linafunguka, anagusa mswaki, anagusa bafu, pembeni lita zinapanda huku ziwa linashuka, akifunga bomba anapewa nyota. Wanazipenda balaa, wanagombania zamu.

Na kwa huku zina maana kabisa. Mji uko jangwani, mvua ni kama milimita 100 tu kwa mwaka, karibu asilimia 90 ya maji yanatoka Ziwa Mead, la Mto Colorado, nyuma ya bwawa la Hoover, na 2022 hilo ziwa lilishuka kuliko wakati wowote tangu lijazwe miaka ya 1930, ukienda unaona mkanda mweupe kwenye miamba pale maji yalipokuwa yanafika. Ila mtoto wa huku hayo hayaoni, kwao bomba linatoka usiku na mchana hajawahi kulikuta limekauka, sasa asipoonyeshwa kwenye skrini ataonea wapi? (Mimi ningeanza na nyasi kabla ya mswaki, maana maji ya ndani ya nyumba huku karibu yote yanasafishwa yanarudi ziwani, yanayopotea ni ya kumwagilia, ndiyo maana 2021 jimbo likapitisha sheria ya kuzuia nyasi za mapambo zisimwagiliwe maji ya Mto Colorado kuanzia 2027, na mamlaka ya maji inakulipa hela ung'oe zako.)

Sasa kuna wanaosema tuzipeleke Dar kama zilivyo. Hapana jamani. Mtoto wa Kimara au Goba umfundishe kubana maji? Anaoga nusu ndoo, maji ya kufulia yanadeki, yaliyobaki yanaenda chooni, na bei ya dumu la lita 20 anaijua, anajua na inavyopaa mgao ukianza, kama ule wa mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu unaoleta maji Dar ulipopungua. Kumpa huyo nyota kwa kufunga bomba ambalo halitoi ni kumkosea heshima.

Asichoonyeshwa na mtu ni maji yanatoka wapi na yanapotelea wapi. Kwamba Ruvu inaanzia milima ya Uluguru kule Morogoro na msitu ukiisha kule yeye Dar ndo anabeba madumu. Kwamba bomba limepasuka barabarani linamwaga siku nzima na kuna namba ya kupiga. Na zaidi ya yote mvua! Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, mara kumi ya huku, halafu inashuka yote bonde la Msimbazi inabeba vitu vya watu, na baada ya miezi michache tunapanga foleni ya maji.

Hesabu yake mtoto wa darasa la nne anaiweza: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 50 linapokea lita 50,000 kwa mwaka, yaani madumu 2,500, hata ukitoa yanayomwagika bado ni mengi mno. Hiyo ndo skrini ninayoitaka mimi, mtoto aguse bati, aweke gata, achague simtenki ya lita ngapi, aone masika inavyojaa na ikifika Agosti yanabaki kiasi gani, halafu akirudi nyumbani amuulize baba yake mbona sisi hatuna gata.

Itumie sola, isitegemee intaneti, iongee Kiswahili. Nikiombwa mchango natoa, lakini zianzie shule za msingi za serikali zenye darasa lililofurika watoto, zile za ada ya mamilioni zisubiri, wao kisima kipo uani.