Machozi Huja Mahadhi Yanaporudi

Mama yangu hajui Kiingereza zaidi ya salamu, na katuni hakuwahi kuzihesabu kuwa ni sinema. Hata hivyo, jioni moja ya mwezi wa Ramadhani, baada ya futari, alikaa nyuma ya wajukuu zake sebuleni kwetu Tanga walipokuwa wakitazama filamu ya Up, na kabla dakika 15 hazijatimia nilimwona akiinua ncha ya kanga na kuipitisha chini ya macho. Watoto walidhani macho yanamuuma. Mimi niliyekuwa pembeni nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, bila kumwambia mtu yeyote, "Si ule ule wimbo wao."

Maneno hayo yamekaa nami tangu siku ile, kwa sababu ndani yake mna karibu kila ninachoamini kuhusu muziki wa filamu unaoliza watu. Hakusema kwamba wimbo ni wa huzuni, wala hakusema kwamba ni mzuri, ijapokuwa ni mzuri mno. Alisema ni ule ule, na kwamba ni wao.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2009 ikiongozwa na Pete Docter, na muziki wake ulitungwa na Michael Giacchino, ambaye mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Sehemu iliyomliza mama ina urefu wa dakika nne na ushei, na haina neno hata moja linalosemwa. Carl na Ellie wanaoana, wanalikarabati jumba bovu likawa makazi yao, wanaweka sarafu ndani ya chupa kwa ajili ya safari waliyoiota tangu utotoni, na kila shida inapozuka chupa inavunjwa. Wanaandaa chumba cha mtoto, kisha tunawaona hospitalini, Ellie ameinama, na bila kuambiwa tunaelewa kwamba mtoto hatakuja. Wanazeeka. Ellie anaugua, na mwishowe Carl anarudi nyumbani peke yake akiwa na puto mkononi.

Muda wote huo mahadhi ni yale yale. Yanaanza kwa uchangamfu, katika mdundo wa mapigo matatu wa dansi za zamani za Ulaya, tarumbeta lililozibwa mdomo likitaniana na fidla, piano ikirukaruka chini yake. Habari ya mtoto inapoingia, mwendo unalegea. Ellie anapoondoka, vyombo vyote vimekwisha kunyamaza na imebaki piano pekee, inayogusa noti moja moja, polepole, huku nafasi kati ya noti na noti zikizidi kupanuka. Giacchino angeweza kutunga wimbo wa msiba, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo. Alichukua wimbo wa harusi akauvua nguo moja baada ya nyingine, hata sikio letu likawa linatafuta tarumbeta ambalo halipo na fidla ambayo haipo, mithili ya mjane anayetenga sahani mbili kwa mazoea, kisha akairudisha moja kabatini. Mama yangu ni mjane. Nadhani alikisikia kile kisichopigwa kuliko sisi sote tuliokuwamo chumbani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: muziki wa filamu hautufanyi tutokwe na machozi kwa kuwa umetungwa kwa huzuni, bali kwa kuwa uliwahi kukabidhiwa furaha mbele ya macho yetu, nasi tukashuhudia, na sasa umerudi kuidai. Huzuni isiyotanguliwa na kitu cha kupotezwa ni kelele ya heshima tu. Inaweza kukufanya uinamishe kichwa, lakini haitakutoa chozi.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la kifiziolojia, kwamba sikio la binadamu limeumbwa hivyo na hadithi haina nafasi kubwa. Hawana makosa kabisa. Mwanasaikolojia wa Uingereza John Sloboda alichapisha mwaka 1991 utafiti ambamo aliwauliza wasikilizaji ni mahali gani hasa ndani ya muziki waupendao panawatoa machozi au kuwasisimua mwili, kisha akapachunguza mahali hapo kwenye noti zilizoandikwa. Mojawapo ya vitu alivyovikuta vikihusiana na machozi ni noti inayotua kando ya mahali pake, ikagongana kidogo na sauti zinazoisindikiza, halafu ikashuka na kutulia inapostahili kuwa. Kila anayejua kuimba anaijua noti hiyo kwenye koo lake, hata kama hana jina lake. Ni kama pumzi inayokwama kabla ya kutoka. Nalikubali hilo kwa moyo mmoja. Lakini tazama kwamba hata ndani ya noti ile ndogo kabisa kuna kuondoka na kurudi, na kwamba filamu nzima inaweza kufanya kwa saa mbili kile ambacho noti ile inakifanya kwa nusu sekunde.

Watu wa pwani yetu hawakuhitaji utafiti huo. Walilelewa na picha za Kihindi. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka India mwaka 1951 na kutiwa nyimbo na watunzi wawili Shankar na Jaikishan, ilipendwa Zanzibar kwa kiwango ambacho wazee hawakuacha kukisimulia, na idadi kubwa ya walioipenda hawakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Mahadhi yalivuka bahari bila mkalimani. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga sehemu kubwa ya sifa yake katika taarabu kwa kuyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyavika mashairi ya Kiswahili, na hadhira yake ilipolia ililia kwa maneno ya kwao ndani ya sauti iliyotoka ng'ambo.

Picha za Kihindi zina desturi ambayo wakosoaji wa sinema za Magharibi waliichukulia kuwa ni udhaifu, na ambayo mimi naiona kuwa hekima: wimbo mmoja huimbwa mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa majonzi. Mfano usiosahaulika ni Yaadon Ki Baaraat ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Nasir Hussain na kutungiwa muziki na R. D. Burman. Mwanzoni familia yenye wana watatu inaimba wimbo wa nyumbani kwao. Baadaye baba na mama wanauawa, wale ndugu wanapotezana, na kila mmoja anakulia upande wake bila kujua wengine wako wapi. Miaka inapita. Mdogo wao, ambaye sasa ni mwanamuziki, anauimba wimbo ule mbele za watu, na ndugu yake mmoja aliyemo miongoni mwa wasikilizaji anaitikia.

Niliitazama mara ya kwanza nikiwa mtoto, kwa jirani aliyekuwa na deki, kwenye kanda iliyochezwa mara nyingi hata rangi zikaanza kupauka pembezoni. Kina mama wa mtaa walijaa kwenye mkeka, na kwa kuitazama kanda hiyo kila Ijumaa walikuwa wameyashika mahadhi yote, wakiyaimba kwa maneno waliyoyasikia na sio maneno yenyewe. Sikuelewa neno lolote la wimbo, lakini nilipousikia mara ya pili nilijua kama wanavyojua wale ndugu. Hapo muziki haukuwa umewekwa juu ya hadithi mfano wa nakshi juu ya mlango. Ndio uliokuwa ushahidi wa udugu wao, na sisi watazamaji tulikuwa mashahidi, kwa sababu tulikuwapo siku ulipoimbwa nyumbani.

Ndiyo maana naumia ninapotazama filamu nyingi zinazotengenezwa kwetu leo. Nazipenda, na nazungumza kama mtu wa ndani. Niliwahi kukaa na mhariri wa picha kijana, mwenye kipaji, alipokuwa akimalizia filamu ya saa moja na nusu, na nikaona kwenye kompyuta yake faili za muziki zilizopewa majina ya Huzuni 1, Huzuni 2, hadi Huzuni 9. Zote zilikuwa sauti za kinanda na nyuzi za bandia zisizojulikana zilitungwa na nani wala kwa ajili ya nini. Mhusika alipopokea simu ya msiba, kijana aliivuta Huzuni 4 na kuitandika chini ya tukio zima, kuanzia simu ilipoita, kabla hata mhusika hajajua amepigiwa kwa habari gani. Muziki ukawa umeshalia, mtazamaji bado hajaambiwa kitu. Nilipomuuliza kwa nini asisubiri, alinijibu kwa upole kwamba watu wasiposikia muziki wa huzuni hawatajua kwamba wanapaswa kuhuzunika. Simlaumu, kwa kuwa alikuwa amepewa siku chache na malipo madogo, na mtunzi wa muziki hakuwamo kabisa katika hesabu ya filamu ile. Hata hivyo, jibu lake liliniuma, maana linamdhania mtazamaji wetu kuwa ni mtu asiye na moyo wake mwenyewe.

Kosa lenyewe limo katika mpangilio wa kazi. Kwetu muziki huja mwisho, picha zikishakatwa na pesa zikishakwisha. Sergio Leone, mwongozaji wa Italia, alifanya kinyume katika Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968: alimwomba rafiki yake Ennio Morricone atunge mahadhi makuu mapema, yakarekodiwa, kisha yakapigwa kwa sauti mahali pa kupigia picha ili waigizaji watembee ndani yake. Ukimwona Jill, mhusika mkuu wa kike, akiwasili stesheni na kugundua kwamba hakuna aliyekuja kumpokea, kamera ikapanda juu ya paa na sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso ikapanda nayo bila maneno, utaamini kwamba picha na sauti zilizaliwa tumbo moja. Tena, jambo hilo halihitaji okestra. Linahitaji mtunzi aitwe siku ambayo hadithi inaandikwa badala ya wiki ambayo inauzwa.

Chombo nacho kina ukoo wake. John Williams alipotungia Schindler's List mwaka 1993, filamu inayohusu mauaji ya Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili, alimpa mpiga fidla Itzhak Perlman aibebe peke yake sehemu kubwa ya mahadhi, na fidla hiyo ilikuwa sauti ya watu wale wale wanaosimuliwa, kwani ilipigwa harusini kwao vizazi na vizazi. Sisi tunayo ganuni, tunao udi, tunayo zeze na marimba, halafu mama wa Bagamoyo anamzika mwanawe kwa nyuzi za bandia zilizotoka kwenye programu ya kompyuta.

Nitoe mfano wa jambo linaloweza kufanyika bila bajeti. Karibu kila mtoto aliyekulia Tanzania au Kenya ameimba Ukuti Ukuti akiwa ameshikana mikono na wenzake kwenye duara. Chukua filamu yenye ndugu wawili wa kike, uwaweke dakika ya tano wakiicheza uani, jua la alasiri, mmoja akimvuta mwenzake anguke. Usiweke muziki mwingine wowote. Waache wakue, wagombane kwa ajili ya shamba la mnazi la baba yao, wasisemeshane miaka 20. Kisha, dakika ya 80, mmoja amelala wodini na mwenzake ameketi kando ya kitanda, hana la kusema, na kidole chake kinaanza kugonga ukingo wa kitanda kwa mapigo yale. Asiimbe. Agonge tu, mara nne au tano. Sijui ni nani kati yetu atakayelitazama tukio hilo akabaki na macho makavu, na gharama yake ni kidole kimoja na mwandishi aliyekumbuka kuipanda mbegu mapema.

Nimesema asiimbe, na nina sababu. Katika Yaadon Ki Baaraat, usiku ule mdogo anapoimba na ndugu wa kati akaitikia, kaka yao mkubwa, Shankar, aliyeigizwa na Dharmendra, naye yumo humo humo. Anausikia wimbo wa nyumbani kwao. Anawatambua wote wawili. Lakini ameishi maisha ya uhalifu, na hawezi kujitambulisha, kwa hiyo anabaki kimya huku wadogo zake wakikumbatiana, maneno yote anayo, hayatamki. Miaka mingi sana imepita, na bado namwona akiwa amefunga mdomo. Na bado nakumbuka kilichotokea kwenye mkeka wa jirani yetu kila kanda ilipofika hapo: kina mama, mama yangu akiwa miongoni mwao, walikuwa wakimwimbia.