Daktari wa Maua

Balaa lote lililetwa na mawaridi matano yaliyokataa kunyauka.

Nilikuwa nimeyakata vikonyo mshazari, nikayapukutisha majani ya chini yasiozee majini, nikatia kijiko cha sukari, ndimu kidogo na tone moja la jiki la kuua vijidudu. Kisha nikayaweka mbali na ndizi mbivu, maana ndizi ikiiva hutoa gesi inayozeesha maua. Siku ya tisa bado yamesimama wima kama askari wa gwaride. Nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi la wanawake wa ukoo. Tangu hapo nikaitwa Daktari. Nami, Mola anisamehe, nikaitika.

Basi ilipofika arusi ya binti ya shangazi, hapa Lamu, hakuna aliyeuliza nani atatunza asumini. Mtu wa pwani anajua mashaka yake: vitumba huchumwa jioni vikiwa vimefumba, hufunguka usiku, na kukicha vimeshageuka rangi ya chai. Sisi tulizitaka kwa vikuba, vile vishada vya maua vya kubandika kifuani, pamoja na maua na majani mengine ya kunukia: rehani, vilua na vipande vya mkadi, na mchumaji wetu alikuwa anasafiri, kwa hiyo ilibidi tununue siku moja kabla. Bibi akashauri tuzifunge kwa jani la mgomba, tuziweke juu ya mtungi wa maji.

"Bibi, siku hizi kuna friji," nikamwambia.

Akanitazama tu, akaendelea kusuka ukili wake.

Nikavitandaza vitumba kwenye sinia juu ya kitambaa kibichi, nikaisukuma ndani ya friji ya nyumbani kwangu. Rafu ya juu palikuwa na sufuria ya maziwa, wazi. Rafu ya chini, bila mimi kujua, mama mkwe alikuwa amemficha papa mkavu, amemzungushia gazeti. Alimweka humo ili paka wasimpate. Kumbuka hilo.

Asubuhi baba watoto akanywa funda moja la chai, akaweka kikombe.

"Mama, chai hii inaolewa lini?"

Nikacheka, tena kwa fahari. Mafuta ya maziwa hunyonya harufu. Kule Grasse, Ufaransa, watengeneza manukato walikuwa wakitandaza asumini juu ya mafuta ya wanyama ili yafyonze harufu yake. Friji yangu imeifanya kazi hiyo kwa usiku mmoja! Nikaifungua. Vitumba vyeupe, vimefumba, vinang'aa. Nikavipiga picha, nikaandika "Daktari hashindwi," nikatuma.

Ndipo nikanusa.

Juu juu ilikuwa asumini. Chini yake, papa. Nikanyunyizia marashi, ikawa papa aliyejitia marashi. Nikafukiza udi, sasa tukawa na papa wa moshi. Saa ilikuwa inakimbia, nikajitia moyo kwamba rehani na mkadi vitamfunika, nikabeba sinia nikatoka.

Paka wa kwanza alinifuata tangu mlangoni kwangu. Wa Lamu unawajua, wembamba, miguu mirefu, hawana haya. Nilipofika nyumba ya arusi walikuwa wanne, wamejipanga nyuma yangu kama wapambe. Shangazi akanusa hewa, akauliza kwa adabu, "Kwani jikoni wameshaanza kupika?"

Sikujibu. Vikuba vikafungwa, bi harusi akavishwa, akaketishwa, macho chini, mikono imejaa hina. Vigelegele vikapigwa. Na katikati ya vigelegele, dume moja la rangi ya manjano likaruka kutoka dirishani likatua mapajani mwake na kumtia pua kifuani. Somo, yaani kungwi wake, akalichapa kwa pepeo. Halikujali. Bi harusi, bila kuinua macho wala kufungua meno, akasema, "Daktari, njoo umtoe mgonjwa wako."

Bibi akainuka polepole, akatoa chini ya buibui kifurushi cha jani la mgomba. Alikuwa ameweka akiba yake tangu jana, juu ya mtungi. Akampa somo, akarudi kukaa. Hakunitazama hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kundini bado naitwa Daktari, ila siku hizi wananitumia picha za paka na kuuliza dawa. Baba watoto naye ameshauliza mara mbili kama kuna arusi nyingine karibuni. Chai ile imemkaa rohoni.