Sinunui Ndoo

Mimi mtamba wangu nilimnunua kwa elimu. Hilo lieleweke, maana kijijini wanasema nilimnunua kwa ubahili.

Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1995 Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo, na wenzake huko Marekani walichunguza ng'ombe zaidi ya elfu moja. Wakaona kwamba wale ambao kisulisuli cha manyoya usoni, kama kile cha utosini kwa mtoto, kipo juu ya usawa wa macho, hutapatapa zaidi wakibanwa kuliko wale ambao chao kipo chini. Nikachukua rula, nikapanda mlima.

Kipimo hiki kina kasoro moja: kinachopimwa kipo katikati ya pembe mbili. Muuzaji, mzee wa kijiji cha juu yetu hapa Machame, alinikuta nimechuchumaa mbele ya mtamba wake, chotara wa Friesian mwenye mimba.

"Mwanangu, unampima kofia?"

Kisulisuli kilikuwa chini ya macho, sentimita mbili nzima! Nikageuka nimwoneshe mke wangu. Yeye wala hakuwa anamwangalia mtamba. Alikuwa anatazama banda la nyuma, alikofungwa mama yake mtamba kwa kamba mbili, moja kwenye pembe na moja mguuni. Kando yake ilikuwepo ndoo ya kukamulia, ya bati, imebonyea pande tatu.

"Baba Neema, umeiona ile ndoo?"

"Nanunua ng'ombe, sinunui ndoo."

Mzee akakohoa. "Mama yake ana uzee tu."

Miezi minne mtamba alikula migomba na majani ya kununua kutoka tambarare bila hata kunikanyaga. Nami sikumsumbua. Sikumgusa kabisa, nikijua huo ndio ustaarabu.

Akazaa ndama jike. Asubuhi ya kwanza ya kukamua niliosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, nikapaka mafuta mikononi, nikakaa kwenye kigoda, nikashika chuchu. Mguu sikuuona. Nilichoona ni ndoo ikipita karibu na sikio langu, halafu bati la paa, halafu migomba. Nilitua kwenye shimo la samadi nikiwa nimekaa vilevile. Kigoda kilibaki bandani.

Bwana mifugo alipokuja alijizuia kucheka mpaka nilipomwonesha rula. Akasema ukali wa ng'ombe hurithiwa kweli, ila si wote: damu ina fungu lake, malezi na mkono wa binadamu vina fungu kubwa zaidi. Kisulisuli ni dalili inayoonekana ukipima kundi kubwa, si cheti cha ng'ombe mmoja.

"Mtamba huzoeshwa kushikwa kiwele wiki kadhaa kabla hajazaa. Wewe ulianza lini?"

Nikanyamaza.

"Mama yake je, ulimwona akikamuliwa?"

Hapo mke wangu akakohoa, kikohozi kilekile cha yule mzee.

Nikauliza kama fimbo ingesaidia. Akasema ng'ombe akiogopa anabana maziwa, kwa hiyo nitakuwa nayachapa maziwa yangu mwenyewe. Tukaanza upya kwa brashi, pumba na subira. Subira ilikuwa ya mke wangu. Siku hizi anamkamua huku akimwimbia mapambio, na mnyama anatulia kama nguzo. Mimi nikipita tu mlangoni mguu unainuka. Ng'ombe hawasahau mtu, na huyu ameamua mtu mwenyewe ni mimi. Ndoo yetu imebonyea pande nne, tumempita mzee kwa moja.

Yule ndama sasa ni mtamba wa mwaka na nusu. Kisulisuli kipo chini, nimepima (nikiwa nje ya banda, kwa macho). Tumeamua kumuuza. Alhamisi mteja alipiga simu kwamba angekuja Jumamosi, pamoja na mkewe.

Ijumaa jioni nilishuka dukani nikanunua ndoo mpya.