Utafiti wa nano: chuo, serikali na kampuni washirikiane, ila majibu yasifichwe

Huku Mbeya watu wanaofuatilia mambo ya sayansi wanabishana kuhusu utafiti wa nanoteknolojia, yaani kutengeneza vitu kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kwamba vyuo viungane na serikali na makampuni au vikae kivyake ili hela za wafanyabiashara zisije zikaharibu majibu. Mi nasema waungane, ila iandikwe mapema kabisa kwamba chuo kitatangaza kilichoonekana hata kama kinamuumiza aliyetoa hela, bila hivo bora tusubiri.

Upande wa kuungana una uzito kwelikweli. Nenda Igurusi au Ubaruku msimu wa mavuno uzunguke nyuma ya mashine za kukoboa, utakuta maganda ya mpunga yamerundikana, mengine wafyatua matofali wanabeba kuchomea tanuri, mengine yanachomwa hapohapo moshi unaingia majumbani. Sasa maganda hayohayo ukiyaosha kwa asidi halafu ukayachoma kwa joto la kupimwa, kama nyuzi 600 hadi 700 hivi, yanaacha jivu jeupe ambalo karibu lote ni silika, kitu kilekile kilichojaa kwenye mchanga, na hiyo silika unaweza kuipata kwa chembe za kipimo cha nano, yaani nanomita moja ni mita moja umeigawa mara bilioni. Inaingia kwenye saruji, kwenye matairi, kwenye rangi, hata kuchuja maji. Ukiyachoma hovyo joto likapanda mno silika inageuka fuwele, haifai tena kwa kazi hiyo na vumbi lake linaharibu mapafu. Kwahiyo kati ya ganda na bidhaa kuna kazi kubwa ya maabara, na hakuna anayeiweza peke yake. MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, wana wahandisi, Songwe kuna kiwanda cha saruji, Mbarali kuna maganda, TBS, shirika la viwango la serikali, ndo wanaosema bidhaa inafaa au haifai. Chuo kikipewa hata hadubini ya elektroni ya kuonea chembe hizo, nani atamlipa fundi wa kuitunza miaka kumi? Na kiwanda nacho hakiwezi kukaa kinamsomesha mtu udaktari wa kemia.

Mfano wa nyumbani upo. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, chuo cha serikali, alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na vitu vya nano, unalirekebisha kulingana na uchafu wa eneo husika, kama floraidi inayowasumbua watu wa kule. Mwaka 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Ujuzi ulikuwepo Arusha, ila tuzo na hela yake vikatoka Uingereza, na hilo linaniuma kwasababu kazi kama ile ingetakiwa ikute mkono wa viwanda vyetu na hazina yetu mapema.

Ila wanaopinga nao wana hoja ambayo siwezi kuipuuza, tena inamgusa mkulima wa huku moja kwa moja. India mwaka 2021 ushirika mkubwa wa mbolea, IFFCO, ulitoa urea ya nano, chupa ya mililita 500 ikatangazwa kwamba inachukua nafasi ya mfuko wa kilo 45. Ilishapita kwenye majaribio ya taasisi za utafiti, serikali ikaidhinisha, yaani pande zote tatu zilikuwepo mezani. Haya piga hesabu. Chupa ile ilikuwa na naitrojeni, ile inayolisha mmea, asilimia 4, sawa na gramu 20 hivi, mfuko wa urea una asilimia 46, inakuja zaidi ya kilo 20. Tofauti ni mara elfu! Baadae watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab wakapunguza mbolea ya kawaida wakapuliza ya chupa, mavuno ya mpunga na ngano yakashuka, na wanasayansi wa Denmark nao wakaandika kuhoji madai yale. IFFCO wakabisha. Lakini angalia, Punjab waliweza kusema hadharani. Chuo kilichofungwa mdomo na mkataba kingeyaweka majibu yale kabatini, na mkulima wa Mbozi anayelima mahindi kwa mkopo wa kikundi angejua ukweli akiwa shambani, wakati mahindi yashakuwa ya njano.

Ndo maana mi naangalia mkataba kuliko picha za kusaini. Kampuni ina haki ya kuomba miezi kadhaa isajili hataza, yaani haki ya ugunduzi, kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili, kabla majibu hayajatoka, hilo sawa kabisa, imetia hela yake. Lakini kuzuia moja kwa moja hapana. Na kipimo cha mwisho asifanye aliyetengeneza, bidhaa ya kilimo iende TARI Uyole, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, ijaribiwe kwenye udongo wa huku kwa hela ya serikali siyo ya muuzaji. Serikali hapa isijifanye mgeni wa heshima, yenyewe ndo inatakiwa kulipa ile sehemu ambayo haina faida kwa mtu, mfano kuchunguza vumbi la nano linamfanyaje kibarua anayelibeba kwenye mifuko.

Na wale wenye mashine za Igurusi wawemo. Saivi maganda wanagawa bure au wanauza kwa bei ya kutupa, siku yakiwa malighafi ya kiwanda bei itapangwa na nani? Liwekwe humohumo kwenye mkataba kabla lori la kwanza halijaja kubeba.