Chatu Alinimeza, Maiki Ikabaki Hai

Jamani, kabla hamjaendelea kunirushia ile klipu ya mtu anayelalamikia sambusa, naombeni nami niongee. Najua toleo la Mkia, yule mwenzangu wa kuigiza aliyekaa mkiani mwa chatu wetu, mmeshalipata. Tangu jana jioni amelitupa kwenye magrupu manne, likiwemo la ukoo wetu, ambalo mpaka sasa sijajua nani alimwingiza. Mama mdogo wa Magu amenipigia leo kabla sijanawa uso. Shikamoo yangu hata hakuisubiri. "Baba, eti zilikuwa tano au sita?"

Sasa kazi yetu mnaijua. Watoto wanaandika hadithi kwenye madaftari yao, sisi tunaziigiza vilevile mbele ya wenyewe. Hilo neno "vilevile" ndilo limeniua. Dada Kiongozi wa kundi letu amesomea sanaa za maonyesho Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ana hotuba yake kwa yeyote anayetaka kuongeza chumvi. Inaanza na Penina Mlama na Amandina Lihamba na Tuseme yao ya 1996, wasichana wa sekondari wakisema shida zao kwa vinywa vyao jukwaani. Inapitia Chicago, ambako kuna kundi linafundisha watoto kuandika na kuwaigizia hadithi zao tangu 1997. Halafu inatua usoni kwako: "Kwa hiyo wewe ni nani uguse neno la mtoto?"

Mimi ni nani? Mimi ni fundi friji wa Tandika, naigiza wikiendi.

Hadithi yenyewe ilitoka kwa binti wa Darasa la Nne B. Nainakili yote, haimalizi ukurasa:

"Hapo zamani za kale palikuwa na mwalimu. Alikuwa anapenda kuongea. Akaenda chooni. Akakutana na chatu. Chatu akammeza. Mwalimu akanyamaza. Mwisho."

Neno "Mwisho" kalipigia mistari miwili kwa rula. Mimi nikapewa Mwalimu.

Chatu tulimtengeneza wa mita nane, viroba vya unga wa sembe vimeunganishwa na fundi cherehani, ndani pete za bomba jeusi la maji ili asinywee, juu madoa ya rangi ya mafuta. Mdomoni tukamwekea zipu ya begi la safari. Ndani wanakaa watu watatu: Kichwa, Tumbo, na huyo mtangazaji wenu Mkia. Mpango ulikuwa mwepesi: naingia mdomoni, natambaa gizani, nampita Tumbo, natokea mkiani nyuma ya mwarobaini, navua koti, nakunywa maji yangu.

Alhamisi mwandishi akaja kuangalia mazoezi. Mimi nilikuwa naingia kwa miguu, ili uso ubaki nje nikipunga mkono kuomba msaada. Nilijiona nimebuni kitu. Binti akanyoosha kidole.

"Anko, chatu anaanza na kichwa."

Nikamwambia, mama, nikianza na miguu watu watacheka zaidi.

"Chatu anaanza na kichwa. Na meno yake yameangalia nyuma. Ukishaingia hurudi."

Dada Kiongozi akanitazama. Nikaiona 1996 inakuja, nikageuka nikaingia kwa kichwa. Na mtoto yuko sahihi, nimeuliza. Chatu anamviringa mnyama mpaka damu na pumzi visimame, kisha anammeza kuanzia kichwani, miguu ilale vizuri isimkwame kooni. Mtoto wa miaka kumi analijua hilo. Mimi najua gesi ya friji. Tena mimi mtoto wa Msukuma! Ukoo wetu umetoa watu wa Bayeye, wanaume wanaocheza ngoma na chatu hai shingoni, na chatu anatulia kama skafu. Mimi nimeshindwa na chatu wa unga.

Sasa sikilizeni ambacho Mkia hajawaambia. Ijumaa watoto walichungulia mazoezi wakaona viatu vyake vimetokeza kwa nyuma, wakamwimbia "nyoka kavaa raba, nyoka kavaa raba" mpaka akaenda kukaa peke yake. Usiku ule akachukua sindano ya gunia akaushona mkia wote. Mkia, yaani mlango wangu. Na hakumwambia mtu. Hilo kwenye klipu lipo? Halipo.

Basi ikafika jana, siku ya onyesho shuleni. Ratiba inasema saa nne asubuhi. Watoto wamepangwa chini tangu saa tatu, mashati meupe yameanza kubadilika rangi. Chini ya turubai kuna viti vya plastiki, meza kuu yenye kitambaa cha satini, keki ya mgeni rasmi kukata, na sahani ya sambusa iliyofunikwa kwa kawa. Mziki tumekodi kwa jamaa wa harusi, kaja na vile vimaiki vidogo vya kubana kolani. Akanibana kimoja saa nne kasoro, akasema "kaka, hiki usikiguse, mimi nitakuwa nazima na kuwasha huku." Nikamwamini. Mbona mimi nikimwambia mteja asiguse friji ananiamini?

Mgeni rasmi aliingia saa saba kasoro robo. Ofisi yake siitaji, na nyie kwenye komenti msiitaje, nina watoto. Alisalimia, akakaa, kawa likafunuliwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mwarobaini nimevaa koti la sufu na tai, jua la Mbagala la saa saba, sijanywa hata maji. Nikawa natazama mkono wake unavyokwenda kwenye sahani na kurudi. Sikukusudia kuhesabu. Mtu mwenye njaa anahesabu tu.

Tukaanza. Nikaongea ovyo kama mwalimu anayependa kuongea, watoto wakacheka. Nikaenda chooni, wakacheka zaidi. Chatu akatokea, nusu ya mstari wa mbele ikakimbia, ikarudi. Tulikuwa tunapasua.

Hapa naomba twende polepole, maana hapa ndipo nilipofia.

Nikaingiza kichwa. Giza. Nikaingiza mabega, nikasikia Kichwa anahema, "haraka kaka, nabanwa." Nikavuta kiuno, nikavuta miguu. Zipu nyuma yangu ikafungwa, kriiiii. Joto la mle ndani jamani lilikuwa la tanuri la mkate. Fundi cherehani hakukung'uta viroba, kwa hiyo kila goti linaloguswa linafumua unga. Nikapiga chafya. Huyo Mkia anayesema nililia, ajue ilikuwa chafya. Tatu mfululizo. Nikampita Tumbo kwa shida, tukagusana mashavu kama ndugu walioonana stendi. Nikafika mkiani, nikapapasa mlango.

Hakuna mlango.

Nikapapasa tena. Uzi. Uzi wa gunia, mafundo, kazi nzuri sana, nadhifu, laiti angeshona hivyo suruali zake. Nikamnong'oneza, "Mlango uko wapi?" Akanong'ona, "Nimeushona." "Kwa nini?" "Waliniimba."

Kurudi nyuma siwezi, Tumbo kaziba, na zipu imeuma kiroba. Binti alishasema: ukishaingia hurudi.

Ndugu zangu, mtu akikwama gizani, ana njaa, ana unga puani, anaanza kusema yaliyo moyoni. Nikaanza. Nilimwambia Mkia, na nilidhani namwambia Mkia peke yake: "Yaani watu tumeambiwa saa nne. Saa nne! Mtu anakuja saa saba hana hata pole. Watoto wameungua juani kama dagaa, yeye kakaa kivulini anashusha sambusa."

Nje nikasikia kicheko kikubwa. Nikajua Kichwa kaanza kucheza ile ngoma yake. Nikafurahi moyoni, nikasema kumbe tunaendelea vizuri. Nikapata nguvu.

"Tano! Nimemhesabia kwa macho yangu, tano! Na lile shati la kitenge limembana, kifungo cha tumboni kinaomba uhamisho!"

Kicheko kikapanda. Kisha nikasikia sauti moja nyembamba ya mtoto, kutoka mbali, safi kabisa: "Siiita! Nyingine kaifunga kwenye leso!"

Nikaganda. Huyu mtoto ananijibuje?

Nikasema polepole, kujaribu: "Sambusa."

Kutoka kwenye spika iliyofungwa juu ya mwembe, ng'ambo ya uwanja, sauti yangu ikanirudia, nzito, ya harusi: "...MBUSA."

Halafu watoto wote wa shule nzima, kwa ile sauti ya pamoja ya kumjibu mwalimu: "SAMBUUUSA!"

Sijui nieleze vipi. Kuna aibu inayokuja na uso wako, angalau unaweza kutabasamu, ukajifanya umepanga. Mimi sikuwa na uso. Nilikuwa chatu. Nimelala pale, urefu wa mita nane, mbele ya meza kuu, natetemeka, na kila anayeniangalia anajua kuwa mkiani mwa yule nyoka kuna mtu mzima anayeomba ardhi ipasuke. Kilichonimaliza ni kwamba bado nikahema, na kuhema nako kukasikika. Hhhhh. Hhhhh. Juu ya mwembe.

Fundi mitambo alikuwa wapi? Nje ya geti, anasubiri chipsi mayai. MC akarukia mashine yeye, akazungusha kitufe, kumbe anaongeza. Spika ikalia ule mluzi wa kutoboa meno, mbwa wa mtaa wakajibu, kisha kimya.

Kimya hicho ndicho kilichonitisha. Wakati wa kelele nilikuwa na matumaini.

Katikati ya kimya akasimama mwandishi wetu. Mimi sikumwona, nilisikia tu mchanga ukikwaruzwa na ndala. Akasema, bila maiki, na kila mtu akasikia:

"Mimi sikuandika hivyo. Kwenye hadithi yangu mwalimu akishamezwa ananyamaza."

Dada Kiongozi akajaribu: "Ni kweli mpenzi, lakini..."

"Ananyamaza kwa sababu amekufa."

Hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Hata mimi mle ndani nilikubaliana naye.

Yaliyofuata nayapitisha mbio, maana naona haya. Nilitolewa kwa kisu cha keki, kile chenye utepe mwekundu mpinini, baada ya MC kwenda kumwomba mgeni rasmi ruhusa ya kukitumia kabla yake. Akaruhusu kwa kichwa. Nikazaliwa upande wa mbavu za chatu, mweupe pepepe kwa unga, tai iko mgongoni, nikasimama hatua tatu kutoka meza kuu. Nikasema "shikamoo mheshimiwa." Akasema "marahaba." Kwenye sahani ilikuwa imebaki sambusa moja. Aliitazama, akanitazama, akaisogeza upande wangu kwa kidole kimoja. Nikaila. Mlitaka nifanyeje? Nilikuwa na njaa.

Mwandishi akasema turudie. Tukarudia. Nikaingia kwa kichwa kwenye nyoka mwenye tundu ubavuni, bila maiki, nikalala kimya huku watoto wananihesabia kwa sauti mpaka hamsini kuhakikisha nimekufa. Makofi yalikuwa mengi. Hotuba ya mgeni rasmi, iliyopangiwa dakika arobaini, ilichukua tatu, na walimu wawili walinifuata pembeni kunishika mkono bila kusema kitu.

Mkia nimemsamehe nusu. Nusu nyingine ataipata friji yake ikiharibika.

Tulipokuwa tunafunga vyombo, binti akanifuata na karatasi iliyochanwa katikati ya daftari. Hadithi mpya, kaiandika palepale amepiga magoti mchangani. Sentensi tatu. "Chatu alimeza mtu. Mtu akaendelea kuongea. Chatu akatapika." Dada Kiongozi alishaisoma kabla yangu, na kwa kalamu yake kaandika jina langu pembeni ya neno "mtu".

Mazoezi ni Jumanne. Nimewaambia zipu safari hii naleta mimi.