Lupango la marehemu: baraza la familia au tribinali?

Hapa Lubumbashi, kilio kikiisha, swali linaloanza kunong'onwa ni moja: nani atashika lupango, yaani kiwanja cha marehemu na nyumba iliyomo? Katika komini (wilaya za mji) za Katuba, Kenya na Kamalondo, ambako uwanja mmoja mara nyingi huwa na mjane, watoto na wapangaji wa vyumba vya nyuma, jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani atalala ndani na nani atafungasha. Wako wanaotaka mambo yaishie katika baraza la familia, na wako wanaotaka yafike tribinali, yaani mahakamani, tangu siku ya kwanza.

Wanaotetea baraza wana hoja nzito. Wazee huketi siku moja, huandika PV (hati ya makubaliano ya kikao), jamaa hutia sahihi, na chakula huliwa pamoja. Tribinali hudai hati ya kifo, hati za kuzaliwa, ada, na mara nyingi wakili, na kila kesi inapoahirishwa, gharama hula kodi ya nyumba ileile inayogombewa. Tena hakimu akishasoma hukumu huenda zake, nao ndugu hubaki wakichota maji kwenye bomba moja.

Lakini baraza lina wenyewe. Kwa Wabemba na Walamba ukoo hufuata upande wa mama, hivyo mjomba na mpwa wana neno kubwa. Kwa Waluba hufuata upande wa baba. Katika mji huu ambamo ndoa zimechanganya makabila yote, kila upande huja na haki yake mkononi, na anayeketi mkekani bila kuulizwa ni mjane. Nimesikia nyumba ikiitwa "mali ya ndugu yetu" mbele ya mama aliyenunua saruji yake kwa faida ya kuuza unga sokoni.

Hapo ndipo Sheria ya Familia ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inapokuwa na huruma kuliko watu wengi wanavyodhani. Wanandoa wasipochagua utaratibu mwingine, vile walivyochuma pamoja ni vya wote wawili. Tuseme nyumba waliyojenga pamoja ina thamani ya dola 36,000: dola 18,000 ni za mjane kabla mirathi haijaguswa. Katika 18,000 zinazobaki, robo tatu, yaani 13,500, ni za watoto, kwa mafungu sawa, wa kike kwa wa kiume. Mwenzi aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake hupata kila kundi sehemu moja ya kumi na mbili, yaani 1,500. Mjane ana pia haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi. Baba mdogo anayedai lupango zima anadai kitu ambacho sheria haikumpa kamwe.

Sheria hiyohiyo haikulitupa baraza. Pasipo wosia, humkabidhi mkubwa wa warithi kazi ya likidateri, yaani msimamizi wa mirathi, na akijitoa, warithi humteua mwingine. Kosa kubwa la mjini kwetu ni kumwona likidateri kuwa mwenye mali, hali yeye ni mtumishi wa warithi: huorodhesha mali, hulipa madeni, hugawa, kisha hutoa hesabu. Kwa sababu hiyo naona baraza likutane kwanza na kumtaja, lakini tribinali imthibitishe, kisha hati ya lupango ibadilishwe kwa konservateri, msajili wa hati za ardhi. Hati ikibaki kwa jina la marehemu, PV peke yake inaweza kumfaa ndugu mjanja anayetafuta mnunuzi, na mjane hushtuka siku mgeni anapokuja kupima uwanja.

Kuna jambo moja ambalo linanizuia kuipa tribinali ushindi wote. Sheria huwaona watoto waliozaliwa nje ya ndoa ikiwa tu marehemu aliwatambua akiwa hai, na ndoa ya kimila ambayo haikuandikwa etasivili (ofisi ya kuandikisha ndoa na vizazi) humpa mjane kazi ngumu ya kuithibitisha. Wazee wanamjua mtoto huyo tangu alipoanza kutembea. Wanaweza kumpa chumba. Hakimu, asipokuwa na karatasi mbele yake, anaweza kumrudisha mlangoni mikono mitupu, na karatasi hiyo aliyeweza kuifuata bila taabu ni baba mwenyewe, alipokuwa bado anaweza kutembea hadi kwenye ofisi ya komini.